"Picha: Maktaba" haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua yangu ni ndefu, lakini jambo lenyewe haliwezi kusemwa kwa aya mbili.

Mwezi uliopita gazeti lako lilikuwa na makala kuhusu zao la mkonge hapa Tanga. Ilikuwa makala nzuri na niliisoma yote. Juu yake mliweka picha ya zamani iliyochukua nusu ukurasa: wanawake sita kwenye uwanja wa kuanikia, singa, yaani nyuzi za mkonge, zimening'inia kwenye nyaya nyuma yao, kanga wamejifunga kiunoni kikazi, na yule wa mwisho kulia amegeuza uso kumtazama mtu ambaye kamera haikumchukua. Chini ya picha mliandika: "Wafanyakazi wa mkonge enzi za ukoloni. Picha: Maktaba."

Basi. Makala yenyewe ilimtaja Dk. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeingiza mkonge nchini mwaka 1893, ikataja na miche 62 iliyofika ikiwa hai. Miche ilihesabiwa. Wanawake sita walio mbele ya macho yetu hawakupata jina, wala mahali, wala mwaka. Enzi za ukoloni hapa kwetu ni tangu Wajerumani mpaka Desemba 1961. Katika muda huo mtoto anazaliwa, anaolewa, anapata wajukuu na anazikwa. Msomaji aambiwe picha hii ni ya lini ndani ya muda wote huo?

Silishambulii gazeti lako. "Picha: Maktaba" iko katika magazeti yote, iko katika kalenda za mashirika, katika vitabu vya shule na katika vipindi vya televisheni kila sikukuu ya taifa. Ninawaandikia ninyi kwa sababu ninyi ndio ninaowasoma, na kwa sababu naamini picha ile mnayo, imo kwenye sanduku au kabati katika jengo lenu, na huenda jibu la sehemu ya maswali yangu limeandikwa nyuma yake.

Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma. Nilikuwa ofisa kumbukumbu. Nilianzia masjala, kwenye majalada, kisha nikapelekwa kwenye chumba cha picha cha ofisi moja ambacho wenzangu walikiona kama adhabu kwa sababu ya vumbi na popo. Mimi nilikipenda tangu siku ya kwanza. Mzee aliyenikabidhi kazi, Mungu amrehemu, alinifundisha jambo moja kabla ya yote: ukishika picha, igeuze.

Nyuma ndiko kwenye habari. Picha ya gazeti ya miaka ya hamsini au sitini ina kipande cha karatasi kilichopigwa taipureta na kubandikwa kwa gundi, kinasema nani yuko wapi anafanya nini. Ina muhuri wa mpigapicha au wa studio. Ina tarehe ya toleo iliyogongwa kwa wino wa zambarau. Ina alama za penseli za mhariri aliyekata pembeni ili picha iingie kwenye safu moja, na mara nyingi aliyekatwa pale pembeni ndiye tunayemtafuta leo. Wakati mwingine kuna maelezo mawili, la kwanza limefutwa kwa mstari na la pili limeandikwa kwa mkono, na hapo unajua kwamba mtu alikuja akasahihisha.

Sasa hivi ofisi nyingi zinaskani picha zao, na ni jambo la kushukuru. Lakini nimeiona ofisi moja, sitaitaja, ikiskani upande wa mbele tu. Mashine inapokea picha, inatoa faili, faili linapewa namba tupu, picha yenyewe inarudishwa ndani ya boksi na boksi linapelekwa stoo ya chini ambako maji huingia wakati wa masika. Kile kikaratasi cha taipureta, ambacho gundi yake imeshakauka, kinaanguka chini ya meza na kufagiwa. Vijana waliokuwa wakifanya kazi ile walikuwa hodari na wapole, hakuna aliyewaambia. Walilipwa kwa idadi ya picha kwa siku, na kugeuza picha kunachelewesha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni hilo: picha inapotolewa kabatini, pigeni na mgongo wake, na faili hizo mbili zisitenganishwe.

Nina ombi jingine, lakini kwanza nieleze nilivyojifunza kazi ya kuandika maelezo, maana wengi wanadhani ni kazi ya karani mwenye mwandiko mzuri.

Tulikuwa na picha ya kiwandani, mahali pa kusaga majani ya mkonge, pale watu wa Tanga tunapoita korona. Wanaume wamejipanga kwenye mkanda unaoingiza majani kwenye mashine. Kadi yake iliandikwa kwa Kiingereza kwa maneno ambayo maana yake ni "nguvukazi ya wenyeji, mkonge, Tanga." Niliichapisha kubwa, ukubwa wa karatasi ya A3, nikaipeleka kijiji kimoja cha Muheza karibu na shamba la zamani. Nikaiweka juu ya meza barazani, wazee wakakusanyika.

Bibi mmoja hakuangalia nyuso kwanza. Aliangalia mashine. Akasema mkanda huu uko upande wa kushoto, na mashine yenye mkanda kushoto ilikuwa korona ya zamani, ile iliyobomolewa kabla hajaolewa. Mpya ilijengwa ng'ambo ya reli. Alikuwa akipeleka chakula pale akiwa mtoto. Halafu ndipo akasogeza uso karibu, akaweka kidole chini ya mtu wa tatu, bila kuigusa karatasi, akasema: "Huyu ni baba. Huu mkono ndio ulioingia."

Wote tulinyamaza. Baba yake alitoka Njombe akiwa kijana, kwa mkataba, kama manamba wengine waliochukuliwa Ubena, Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi hadi Msumbiji. Mashine ilimkata vidole na hakurudi kwao. Nilimuuliza kama habari ya mkono iandikwe kwenye maelezo ya picha au ibaki kwetu. Akasema iandikwe, kwa sababu baba yake hakulipwa kitu.

Mzee mwingine akakataa. Alisema yule si baba yake bibi, ni mwenzake waliyekaa naye kambi moja, mtu wa Kigoma. Baba yake bibi alikuwa mfupi zaidi. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akabaki na neno lake. Hapo ndipo mtunza kumbukumbu anapojulikana kama anajua kazi. Si juu yangu kuamua nani mkweli. Tuliandika: fulani, binti wa mfanyakazi, anamtambua mtu wa tatu kutoka kushoto kuwa baba yake; na fulani mwingine, aliyefanya kazi katika shamba hilo, anamtambua mtu huyohuyo kuwa mtu mwingine. Tukaweka tarehe ya mazungumzo na jina langu kama mwandishi. Na maneno ya kadi ya zamani hatukuyafuta. Tuliyahamishia chini, ndani ya alama za nukuu, tukaeleza kwamba ndivyo kadi ilivyosema ilipoingia kwetu.

Kuna wanaotaka maneno ya aina hiyo yafutwe kabisa, na ninawaelewa, yanaumiza kusoma. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza, alipiga picha nyingi sana za nchi hii, na leo zipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliruhusu makumi ya maelfu ya picha zake za kila aina ziwekwe kwenye Wikimedia Commons, za Dobbertin zikiwamo, na ikaziwekea tahadhari kwamba maelezo ya asili yameachwa kwa ajili ya kumbukumbu na yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au siasa kali. Tahadhari ile ni ya haki. Ukifuta maneno ya mkoloni umemfichia mkoloni alivyotutazama, na mtafiti wa kesho atadhani picha zilipigwa kwa nia njema. Lakini tahadhari peke yake ni nusu ya kazi. Mtoto wa Tanga anayefungua picha hizo leo kwenye simu anakutana na maneno ya mpigapicha kwanza, na mara nyingi hayo ndiyo pekee. Juu yake panatakiwa maelezo mapya, yaliyoandikwa na watu wanaopajua mahali pale, na kwa Kiswahili. Hili Wajerumani hawawezi kutufanyia. Picha tayari zinapatikana bure. Kilichobaki ni sisi kukaa na wazee wetu.

Kuhusu mwaka wa picha, naomba waandishi wako wasikate tamaa haraka. Picha husema umri wake kwa vitu vilivyomo. Ukiona picha ya ufukwe wa Unguja, na mnara unasimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, hiyo ni ya kabla ya Agosti 1896, kwa sababu mizinga ya Waingereza iliuharibu mnara ule tarehe 27 ya mwezi huo. Mnara wa saa tuliouzoea, ulioshikana na jengo lenyewe, ulikuja baadaye. Na baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya jengo ilipoporomoka pamoja na mnara huo, kila picha inayoonyesha nguzo zile, roshani na dari kwa karibu imekuwa na thamani kwa fundi atakayelijenga upya, si ya kumbukumbu tu. Dar es Salaam vivyo hivyo. Sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ilisimama tangu 1909 mpaka Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Askari wa shaba tunayemwona leo pale katikati ya mji alisimamishwa 1927. Picha yenye kimojawapo cha hivyo viwili imekwisha kukupa mipaka ya miaka yake, hata kama kadi haina kitu.

Na kwa picha za akina mama, chukua kioo cha kukuzia, angalia kanga. Kanga ina jina lake, na jina mara nyingi linasomeka hata kwenye picha ndogo. Maandishi ya herufi za Kiarabu yalitangulia, za Kirumi zikafuata. Bibi aliyevaa kanga ile akiwa mwari atakwambia ilitoka mwaka gani, iliuzwa duka la nani, na nani aligombana na nani kwa sababu yake. Nimepata tarehe za picha kwa njia hiyo mara nyingi kuliko kwa njia ya vitabu. Kama hakuna hakika, mwandishi aandike "huenda" au "karibu na 1950". Neno "huenda" si aibu. Aibu ni mwaka wa uhakika uliotungwa, maana ukishachapishwa gazetini, kesho utanukuliwa kama ushahidi.

Hapa niseme jambo linalonikera sana siku hizi, nalo ni picha za zamani kupakwa rangi na kunyooshwa kwa programu za akili mnemba. Zinasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu wanafurahi kuona babu zao wana rangi. Programu haijui rangi ya kanga ile. Inakisia. Inampa bibi kanga ya kijani ambayo hakuwahi kuwa nayo, na uso laini wa mtu mwingine. Nimeona mtandaoni picha moja ya harusi ya pwani iliyofanyiwa hivyo. Jina la kanga, ambalo kwenye picha ya asili lilisomeka, limegeuka kuwa michirizi isiyo herufi za lugha yoyote. Ushahidi pekee wa tarehe umefutwa, na anayetazama anadhani picha imeboreshwa. Tafadhali, gazeti lako lisichapishe picha za namna hiyo bila kusema wazi kwamba zimebadilishwa, na lisiache kamwe ile ya asili ikapotea. Pia wenye picha wajue kwamba WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa na kuondoa taarifa zilizofungwa ndani ya faili. Itumeni kama dokumenti.

Sasa majina. Wakubwa wana majina siku zote. Chukua picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Kila Aprili tunaiona. Wale walioshika vyombo pembeni yake nao ni watu, magazeti yamewahi kuwatafuta na kuandika habari zao, lakini majina hayo yalibaki kwenye toleo la siku ile. Hayakurudishwa nyuma ya picha. Mwaka unaofuata picha inatolewa tena ikiwa na jina moja. Mwandishi akihangaika mpaka akapata majina, kazi yake haijaisha mpaka majina yale yaingie kwenye kumbukumbu ya picha yenyewe, pamoja na jina la aliyeyatoa.

Nitoe mifano miwili ya mbali kidogo na Tanga, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha uzito wa jambo hili. Mwaka 1868 meli ya kivita ya Kiingereza, Daphne, ilikuwa ikikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu hii. Kuna picha ya waliookolewa, wamekaa sitahani, watoto wengi, wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Ipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Jina la meli tunalo, na jina la nahodha, George Sulivan, tunalo, na aliandika hata kitabu. Picha haituambii jina la hata mtoto mmoja. Halafu angalia ya pili: Baringa, katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwaka 1904. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aliyekaa barazani akitazama kiganja na unyayo wa binti yake, vilivyoletwa baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Huyo baba tunajua anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Mtoto tunajua anaitwa Boali. Tunajua kwa sababu siku ile kuna mtu aliyeuliza, akaandika, na maandishi yakafuatana na picha. Hakuna kifaa chochote cha gharama kilichotumika kati ya picha hizo mbili kuleta tofauti hiyo.

Na picha kama ile ya Nsala haitakiwi kurushwa tu ukurasani ili kujaza nafasi. Hapa nina msimamo mkali, na najua wahariri wengine hawaupendi. Hifadhi zetu na za Ulaya zina picha za watu walionyongwa wakati wa vita vya Maji Maji, za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, na za wasichana waliovuliwa nguo ili wapigwe picha za kadi za posta. Hao hawakuulizwa. Picha hizo zitunzwe, wala zisichomwe, kwa sababu ni ushahidi wa yaliyotendwa. Ziandikwe kwa ukweli: msichana aliyevuliwa nguo mbele ya kamera aandikwe hivyo, asiitwe "mrembo wa pwani" kama kadi ilivyomwita. Lakini kuonyeshwa ni jambo jingine. Mtafiti aombe na aeleze sababu. Gazeti likihitaji picha ya kunyongwa kwa ajili ya habari ya kweli, liweke tahadhari, na kama ukoo unajulikana, uulizwe kwanza. Songea hapo watu wanajua babu zao walionyongwa ni akina nani. Kaburi lao lina kumbukumbu na watu huenda kila mwaka. Mjukuu asikutane na babu yake kamba shingoni wakati anafungia maandazi.

Kuna bibi aliyetuomba picha ya ngoma ya unyago, ambamo dada yake marehemu alionekana, isiwekwe kwenye maonyesho. Hakutaka tuiharibu, alisema mambo yale si ya kutazamwa na wanaume. Tuliifungia bahasha, tukaandika juu yake ombi lake na jinsi ya kulifikiria mtu akija kuiomba. Wapo waliosema tunaficha historia. Mimi nasema mwenye ngoma ana haki ya kusema nani aingie.

Niseme machache kuhusu kutunza picha zenyewe, kwa faida ya wasomaji walio nazo nyumbani, maana hifadhi kubwa kuliko zote iko kwenye makabati ya watu. Hewa yetu ya pwani ni adui: unyevu ukizidi, ukungu unaota juu ya picha. Msiweke albamu chini sakafuni wala kwenye ukuta unaopakana na bafu. Msipeleke picha za zamani kufanyiwa laminesheni, hata kama kijana wa steshenari anawaambia zitadumu. Joto na plastiki vikishashika havitoki, na mgongo wenye maandishi unafungwa humo milele. Albamu zile za karatasi za kunata nazo si rafiki. Bahasha ya karatasi nyeupe ya kawaida ni bora kuliko mfuko wa plastiki unaonuka. Msiandike nyuma kwa kalamu ya wino, inapenya na kuonekana mbele. Tumieni penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya meza ngumu safi. Zile picha za rangi za karatasi telezi hazishiki penseli, hivyo andikeni kwenye bahasha. Na kama picha imegandia kioo cha fremu, msiivute! Uso utabaki kwenye kioo. Ipigeni picha hivyohivyo ilivyo na kuiacha mpaka apatikane fundi.

Negativu zina mambo yake. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, filamu za asetati zimeanza kuoza, na mvuke wake unaambukiza zilizo jirani. Zitengwe, zipelekwe mahali penye ubaridi na ukavu, na ziskaniwe mapema, kwa sababu baadaye zitajikunja na utando wake kupasuka. Za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya hamsini, zinaweza kuwa za nitrati, na hizo zinashika moto upesi sana. Zisikae jikoni wala juu ya dari la bati. Za kioo zisimame wima kwenye ubavu wake mrefu, kila moja na bahasha yake, zisilundikwe.

Hili la negativu ndilo lililonifanya nisisubiri kuandika. Hapa mjini kulikuwa na studio ambayo karibu kila familia ya Tanga ilipita mbele ya kamera yake: picha za pasipoti, za harusi, za Idd na Krismasi, za vijana waliopata ajira bandarini na relini. Mwenyewe ameshafariki. Watoto wake wanauza nyumba, na maboksi ya negativu yamejaa chumba kimoja, pamoja na daftari za risiti zenye majina na tarehe. Daftari zile ni muhimu kama negativu zenyewe. Bila hizo tutabaki na maelfu ya nyuso zisizo na majina. Watoto wako tayari kutoa vyote, hawataki fedha, wanataka tu chumba kiwe tupu kabla ya mnunuzi kuingia. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inalinda nyaraka za serikali. Studio ya mtu binafsi haina wa kuisemea isipokuwa sisi.

Nimeshazungumza na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na pia na watu wa makumbusho hapa Tanga, na mazungumzo yanaendelea. Tumekubaliana na familia kwamba hakuna sura itakayowekwa hadharani mpaka mwenyewe au watu wake wapewe nafasi ya kukubali au kukataa. Watu walilipia picha zile kwa matumizi yao, si kwa ajili ya maonyesho.

Ombi langu la mwisho ni hili. Lipe gazeti lako kisanduku kidogo kila Jumamosi: picha moja ya zamani kutoka kabati lenu, na chini yake yote yanayojulikana, na jina la mpigapicha kama lipo, na maneno "majina hayajafahamika" pale ambapo hayajafahamika. Wasomaji watapiga simu. Majibu yao yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli na kwenye faili, pamoja na jina la msomaji na tarehe, hata kama majibu mawili yanapingana. Anzeni na wale wanawake sita. Mimi nitakuja ofisini kwenu kwa nauli yangu kuwasaidia vijana kupanga, mkinihitaji.

Na kwa yeyote mwenye nafasi kavu ya kuhifadhi maboksi ya ile studio kwa miezi michache, chumba cha juu, chenye mlango wa kufungwa na bila bomba la maji darini, tafadhali amwone Mhariri, ambaye nimemwachia namba yangu. Nyumba inakabidhiwa kwa mnunuzi mwisho wa mwezi huu.

Ofisa kumbukumbu mstaafu,
Chumbageni, Tanga.